Upinde Juu ya Mafiga

Baba alipotaka kujua kama upinde uko tayari kuvutwa, hakuutazama. Aliuegemeza kwenye mdomo wa juu, chini kidogo ya pua, akafumba macho na kutulia kama mtu anayenusa uji. Mti ukiwa na ubaridi, alisema umekunywa. Usipokuwa na ubaridi wowote, aliurudisha ukutani na kusema, "Bado una kiu." Sisi watoto tulimwiga kwa fito na miiko, tukacheka. Mimi niliendelea kumwiga hata baada ya kuacha kucheka, ndiyo maana siku ya matanga yake nilikuwa mtu pekee pale nyumbani aliyejua kinachokuja.

Kijiji chetu kiko milimani juu ya Tosamaganga, mahali ambapo kengele ya misheni husikika upepo ukitaka. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na maharage kama wenzake, na muda uliobaki alichonga pinde. Siku hizi upinde si wa kuwindia. Ukikutwa na nyama ya porini utakuwa na mengi ya kueleza. Watu walinunua kwa ajili ya kufukuzia nyani shambani, vikundi vya ngoma navyo vilichukua, na kila baada ya mavuno vijana wa vigango vya misheni walishindana kulenga boga lililowekwa juu ya kichuguu. Mshindi aliondoka na jogoo. Mara nyingi jogoo huyo aliondoka na mtu mwenye upinde wa baba, na baba alijifanya anatazama mawingu.

Siri yake haikuwa siri. Mti aliutoa Ruaha Mbuyuni, kule kwenye joto, ambako mkole hukua polepole na kuwa mgumu. Alikuwa akishuka kununua vitunguu na kurudi na fito za mkole zimefungwa juu ya magunia. Ufito mnene aliupasua katikati akapata pinde mbili za mti mmoja, akaziita pacha. Alichonga kwa panga, kisha kwa kisu, akamalizia kwa kukwangua na kipande cha chupa. Upande wa nje aliuita mgongo. Upande wa ndani, unaokutazama wewe unapovuta, aliuita uso. Uso ndio aliobanika.

Alichimba mfereji mfupi, akautandika makaa, akaulaza upinde juu ya matofali huku uso ukiangalia chini, mbali kidogo na moto. Baada ya hapo kazi ilikuwa ni kukaa. Mti ulianza kuwa wa njano, ukaelekea rangi ya hindi la kuchoma, harufu yake ikawa kama ya karanga. Ukiharakisha unaungua juu, na ndani unabaki vilevile. Mtoto mwenye haraka alitumwa kuchota maji, na kisima kilikuwa mbali.

Upinde usiobanikwa, alieleza, unajifunza kuinama. Unauvuta leo, kesho ukiufungua ugwe, ile kamba yake, unakuta umebaki umepinda, na mshale wake unaishia kwenye kichuguu. Uliobanikwa haujifunzi ujinga huo. Unarudi ulivyokuwa, tena kwa hasira, na mshale unavuka korongo mpaka kwenye mikaratusi. Mtu akimletea ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi, baba alijibu, "Samaki, ndiyo."

Ila kulikuwa na sharti moja, na hilo alilisema bila mzaha. Upinde uliotoka motoni hauvutwi. Moto umeunyang'anya maji yote. Umekuwa mgumu, lakini ugumu wake ni wa kioo. Utundike mahali pa ubaridi, uache unywe hewa mpaka utosheke, ndipo uuweke mdomoni. Ukiuvuta kabla ya hapo, umeuua.

Upinde wake mwenyewe hakuuza. Ulikaa jikoni juu ya mafiga, kwenye ndoano ya mti, kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Mama alikwisha kufariki zamani, na moto wa mgane mmoja anayechemsha uji asubuhi na viazi jioni hauwezi kudhuru kitu.

Baba alikufa wakati wa mvua, kitandani kwake, baada ya kifua kumsumbua. Mimi naishi Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, nanunua na kuuza mahindi. Simu ilinikuta sokoni nikiwa nang'ata punje; ndivyo tunavyopima ukavu, mahindi makavu hulia kati ya meno. Nilimaliza kung'ata, nikamwambia muuzaji kwamba mzigo wake haujakauka, nikafunga stoo, nikapanda basi la Iringa. Njiani nilikula mahindi ya kuchoma. Nakumbuka nilishangaa kwamba yana ladha ileile ya siku zote.

Sikulia. Si kwamba nilijizuia. Nilitafuta kilio kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, nikakosa, nikaacha kutafuta. Wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Basi wa mbali walinisubiri pale mlangoni, wakachoka, wakaanza wenyewe. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba biashara hukausha mtu. Nilimpa kiti.

Aliyelia kwa niaba yetu wote alikuwa mdogo wangu. Ni fundi magari mjini Iringa, mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo ndiye mrithi. Alipelekwa bweni akiwa mdogo, na aliporudi likizo yeye na baba hawakujua pa kuanzia. Aliwahi kuniambia, "Mimi na mzee tunasalimiana kama watu wa ofisini, dada." Baba alimpenda; mimi nilikuwa nakaa naye kwenye makaa, nilimsikia akimtaja. Lakini penzi lililosemwa kwangu lilimfaa nini yeye?

Kwa ukoo wetu, siku ya kuanua matanga mrithi hupewa upinde wa marehemu. Anaufunga ugwe mbele ya watu, anauvuta, anarusha mshale mmoja kuelekea korongoni. Mshale ukiruka, wazee husema marehemu ameitika. Upinde ukikatika, husema amemkataa. Nilikuwa sijawahi kuona ukikatika. Nilisikia tu habari za babu mmoja wa zamani aliyekatikiwa na upinde, akahama na kwenda kuishi mabondeni, na watoto wake hatuwajui mpaka leo.

Mdogo wangu aliutaka mshale ule kuliko shamba. Siku zile za msiba nilimkuta nyuma ya nyumba akijifunza kufunga ugwe kwenye ufito mbichi, jasho linamtoka, vidole vimechubuka. Aliponiona aliuficha ufito nyuma ya mgongo, mtu mzima mwenye gereji.

Sasa sikiliza kosa lilikuwa wapi. Msibani kwetu hupikwa nje, kwenye masufuria makubwa. Lakini mvua ilinyesha bila kupumzika, kuni zikalowa, akina mama wakahamishia kila kitu jikoni kwa baba. Maharage, ugali, chai ya watu wote wale. Moto haukuzimika mchana wala usiku. Mtu mmoja alipotaka kuuondoa upinde, shangazi, dada yake baba, alikataa. Upinde wa mwenye nyumba hautoki juu ya mafiga mpaka matanga yaanuliwe. Ukitoka kabla, nyumba imefukuza mtu wake. Alikuwa sahihi, ndivyo desturi ilivyo. Desturi ilitungwa na watu waliopikia nje.

Asubuhi ya matanga niliingia jikoni kuchukua maji ya moto, nikauona. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi. Niliushusha, nikauweka mdomoni. Hakukuwa na kitu, hata kidogo. Nikaugonga kwa kucha, ukatoa mlio wa juu, mlio wa mahindi ambayo ningeyanunua papo hapo.

Nikaenda kwa baba mdogo, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, amekaa na wazee chini ya turubai, mbele yao vibuyu vya ulanzi, pombe ya mianzi. Nikamwamkia, nikapiga goti, nikasema upinde usivutwe leo, umekauka kupita kiasi, utakatika.

"Mwanangu," akasema, "watu wametoka mpaka Mufindi. Na ulanzi haingoji mtu. Kesho imekuwa siki."

"Tungoje kidogo tu, baba. Unywe hewa."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wazee wakacheka taratibu.

Nilirudia. Nilieleza habari ya moto na mvua na maji ya mti, yote kwa mpangilio. Najua sauti niliyotumia, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo siku hizo: ileile ninayotumia kumtajia mteja bei ya gunia. Mtu anayeonya kwa sauti ya namna hiyo haogopeshi mtu. Shangazi akanivuta pembeni akanishika mkono, mkono wake ukiwa wa moto.

"Unataka upinde iwe yako?" akaniuliza. "Sema tu, mama. Hatutakuchukia."

"Sitaki chochote, shangazi."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha," akasema.

Nikamwendea mdogo wangu. Alikuwa amevaa shati jeupe na koti la baba, mikono imezidi kidogo. Nikamwambia asiuvute. "Dada," akasema, "hata leo?" Nikaona kwamba amenielewa vibaya, anadhani hata mshale huu namnyima, na kwamba kila neno nitakaloongeza litazidi kumpotosha. Sijilaumu. Nilisema kwa kila mwenye masikio.

Wakati ulipofika, mdogo wangu aliufunga ugwe vizuri mbele ya watu, mara ya kwanza tu. Wanawake walikuwa wanaimba. Akaweka mshale, akavuta, na upinde ukakatika kabla mkono haujafika shavuni. Haukupiga kelele nyingi, ulifanya *ta*, basi. Kipande cha juu kilimpiga juu ya jicho. Wimbo ulikatika nao. Alibaki ameshika kipande cha chini, damu inashuka kwenye kola ya koti la baba, anatazama kile kipande kana kwamba kina jambo la kusema.

Baba mdogo alimwaga ulanzi chini. Shangazi alilitazama kaburi akauliza, "Kaka, kwa nini?" Nikaokota vile vipande. Mkole mzuri ukivunjika huchanika kwa nyuzi ndefu. Huu ulikuwa umekatika kama biskuti. Nikasema, "Ni moto wa jikoni. Tazameni." Hakuna aliyetazama. Mtu fulani alikuwa amepiga picha za video, na kabla sijafika Uyole kundi la ukoo kwenye simu lilikuwa limejaa pole na maombi.

Kuanzia hapo mdogo wangu aliacha kupanda kijijini. Kaburi lilikuwa linasubiri zege, yeye ndiye wa kulisimamia, hakwenda. Alimwambia baba mdogo achukue shamba. Nilipompigia simu alikuwa mpole, na upole ule haukuwa wake. "Mzee alishasema, dada," aliniambia. "Alikuwa hasemi na mimi maisha yake yote. Siku aliyosema, amesema mbele ya watu." Nikamweleza tena habari ya mafiga. Akasema ndiyo, dada, asante, dada. Nilijua kwamba akikaa na jambo hilo mpaka uzeeni, litakuwa kweli.

Niliporudi kijijini, pacha wa ule upinde niliukuta darini, umefungwa kwenye kiroba. Baba alikwisha kuuchonga, ukabaki kubanikwa. Nikaomba niondoke nao, na shangazi akaniruhusu haraka, kama mtu anayeondolewa mavi ya kuku mlangoni. Kipande kimoja cha ule uliokatika nikakichukua pia.

Nyuma ya stoo yangu Uyole kuna uwanja mdogo, halafu shamba la viazi la jirani. Nikachimba mfereji, nikanunua mkaa, nikapanga matofali. Mama anayeuza chapati kwa madereva wa malori alisimama akanitazama.

"Mama mahindi, leo unachoma fimbo? Anapigwa nani?"

"Bado sijaamua."

Nikakaa. Uso ukawa wa njano, ukafuata rangi ya hindi, ikaja harufu ya karanga. Ningependa kuandika kwamba pale ndipo baba aliponirudia. Hakunirudia. Nilikaa na mti na makaa, malori yanapita, nikageuza pale panapotaka kuungua. Mikono ilijua kazi. Mimi nilikuwa nimeisindikiza tu. Ulipoiva nikautundika chumbani kwangu, dirishani, mahali ambapo ukungu wa Mbeya huingia bila kubisha hodi. Kile kipande kilichokatika nikakitundika jikoni, juu kabisa ya jiko la mkaa, makusudi.

Kila asubuhi niliuweka upinde mdomoni. Sikusikia kitu. Wiki ikaenda, nyingine ikaenda, mvua zilikuwa hazijaisha na shuka zenyewe zilikuwa na unyevu, sikusikia kitu. Nikaazima kipima unyevu cha mahindi cha mnunuzi mwenzangu. Kikaandika namba ya kipuuzi, na mwenyewe akaniomba nisikitumie tena kwa mambo ya kienyeji. Ndipo siku moja, nikiwa nimeegemeza mti mdomoni mbele ya dirisha, nikawaza kwamba pengine upinde uko tayari siku nyingi. Nikagusa bilauri ya maji kwa mdomo uleule, nikabaki sina uhakika. Tangu ile simu ya sokoni, chai ya moto nilikuwa nainywa kama maji. Sikujua kama ni mti wenye kiu, au ni mdomo wangu ambao haufanyi kazi.

Hapo niliogopa, na woga ulikuwa kitu kigeni kiasi kwamba nilikaa kitandani kuutazama. Nikimwita mdogo wangu avute, na upinde uwe bado, utamkatikia wa pili. Hakuna maelezo ya moto yatakayomtoa hapo tena. Na mtu wa kupima nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeharibika.

Nikampigia. Sikumwambia aje avute. Nilimwambia, "Njoo unipimie kitu. Mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa wewe?" akauliza. Akaja Jumamosi iliyofuata.

Kovu lilikuwa juu ya nyusi, dogo, linang'aa. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za bei ya vipuri na bei ya mahindi. Kisha nikamletea kile kipande cha jikoni. Alikitambua, akarudisha mikono nyuma.

"Dada, mimi hiyo kitu siishiki tena."

"Usiishike. Iweke tu hapa, juu ya mdomo. Halafu uniambie unasikia nini."

Alifanya kwa kunionea huruma, nadhani. Alifumba macho bila kuambiwa, na kichwa chake kikainama kidogo upande wa kushoto, vilevile. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

"Hakuna kitu," akasema. "Kama kushika karatasi."

"Sasa kikunje."

Akakishika kwa mikono miwili, akakikunja kidogo tu. *Ta.* Akaangalia vipande viwili mkononi, akaviweka mezani taratibu, karibu na vikombe. Nikamletea pacha. Nikamwambia ni mti mmoja, mzee aliupasua mwenyewe, tofauti ya pinde hizi ni mahali zilipolala. Akauweka mdomoni. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikasikia nje lori likipaki, dereva akashuka na kuagiza chapati.

"Hii ni baridi," akasema. "Si sana. Kama jiwe la kisimani."

"Una uhakika?"

"Dada, ni baridi. Wewe huisikii?"

"Sisikii."

Tukatoka nyuma ya stoo. Viazi vya jirani vilikwisha kuvunwa, shamba lilikuwa tupu mpaka kwenye mstari wa mikaratusi. Alifunga ugwe. Akavuta nusu, akaachia polepole. Akavuta tena zaidi kidogo. Nilikuwa nautazama uso wa upinde, ile rangi ya hindi, nikisubiri mstari mdogo wa ufa, na sikupumua. Mara ya tatu akaweka mshale na kuvuta mpaka kidole kikagusa shavu. Upinde ukainama mzima, sawasawa juu na chini, ukatulia pale.

Akaachia. Mshale ulivuka shamba lote ukaingia kwenye mikaratusi, hatukuuona tena.

Alisimama akiangalia kule ulikoelekea. Bila kunigeukia akasema, "Kwa hiyo mzee hakunikataa."

"Hakukukataa," nikamwambia. "Tulipika sana."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, upinde umelala magotini, na katikati ya kicheko kikawa kitu kingine, akalia kama alivyolia msibani, bila kuona haya mbele ya mama chapati. Nikangoja amalize. Kisha nikauchukua upinde mikononi mwake, nikaufungua ugwe, ukarudi ukanyooka, haukuwa umejifunza chochote. Nikauweka mdomoni.

Akanitazama, macho mekundu. "Vipi?"

"Wewe na upinde mko tayari," nikasema. "Mimi bado."

Nilidhani atasema pole. Basi lake la kurudi Iringa lilikuwa la mchana ule, na gereji ilikuwa inamsubiri. Akaingia stoo, akaburuta gunia la mahindi mpaka mlangoni, akakaa juu yake, akasema hana haraka.